Picha Nyuma ya Pazia

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mume wangu alipata fedha za kabichi, na fedha zikampanda kichwani. Alikuwa akinunua kabichi na plamsi kwa wakulima wa huku Lushoto na kuzipeleka Kariakoo. Nilimwagiza mabati ya jikoni, akarudi na televisheni na deki ya video. Akaiweka televisheni juu ya meza sebuleni na kuivika kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu, kama bibi harusi. Sikuzungumza naye siku nzima, na sidhani kama alitambua.

Jiko letu lilikuwa limeshikana na sebule. Kati yake palikuwa na mlango usio na ubao, pazia tu. Mabati ya jiko yalikuwa yameliwa na kutu, hivyo mvua ikinyesha tulipika huku tukihamisha masufuria.

Masika yale mama yangu alikuja kutoka Mgwashi kutibiwa mguu. Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawaketi chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Mume wangu alikuwa akiliamkia pazia, "Shikamoo mama!" na pazia likaitikia, "Marahaba, baba." Heshima ikaishia hapo. Jioni yeye na rafiki zake walijimwaga kwenye makochi, mama akakaa jikoni kwenye kigoda, na mimi nikasimama mlangoni, pazia begani, nikimsimulia kwa Kishambaa picha asiyoiona.

Picha yenyewe ilikuwa ya Kihindi, au ya Kichina, au ya Kiingereza, na hakuna mtu nyumba ile aliyeelewa neno. Mume wangu alikuwa akitikisa kichwa kama aliyesoma na kucheka pasipochekesha, na wageni wakacheka nyuma yake. Basi mimi nikatafsiri nilivyotaka.

Ya Kihindi ilikuwa ndefu kuliko safari ya Dar. Kijana na binti wanakimbizana milimani wakiimba, na kila kipande cha wimbo wana nguo mpya. Milima mizuri, mibichi kama yetu, ila sikuona mwanamke hata mmoja aliyejitwisha kuni. "Hawapiki?" mama akauliza. Nikamwambia wanashiba nyimbo. Vijana wale walipoanza kusogezeana nyuso, mume wangu aliruka kutoka kwenye kochi akaifunika televisheni kwa kitambaa, eti mkwe asione. Mkwe alikuwa nyuma ya pazia, amegeukia mafiga.

Katika ile ya Kichina, mzee mwenye nyusi nyeupe anamfundisha kijana kupigana kwa kumtuma maji mtoni, ndoo mbili, apande nazo mlima kila siku. Kijana akawa hodari, akapiga kijiji kizima. Mama akasema, "Mimi nimepandisha maji tangu sijavunja ungo. Mbona sijampiga mtu?" Nikamjibu labda hajaamua.

Ya Kiingereza ndiyo mume wangu aliyoipenda kupita zote. Staringi ni jitu kifua wazi, peke yake porini, anamaliza jeshi zima kwa bunduki isiyoishiwa risasi, na mbu hawamgusi. Usiku ule mvua ilikuwa ikinyesha. Nikapaza sauti, safari hii kwa Kiswahili ili wasikie mpaka wageni: "Mama, huyu bwana ana fedha za risasi zote hizi, lakini jiko la mkewe linavuja!" Mume wangu akakohoa, akaongeza sauti ya televisheni.

Mguu ulipopona, mama alianza kufunga kanga zake. Nikamwona anakunja ileile moja na kuikunjua. "Nitafika Mgwashi waniulize picha ikoje," akasema. "Niwajibu ni makelele? Nilitaka niione moja, mwanangu, nimekaa kwenye kiti, mpaka iishe." Roho iliniuma. Nilikwenda moja kwa moja sebuleni nikamwambia mume wangu maneno hayohayo, bila fumbo.

Alikaa akikuna kidevu. Kumwambia mkwe aingie naye akiwa mle haiwezekani. Kutoka nje, mvua ya kumwaga. Pakabaki jikoni. Na hapo nusura tuaibike, maana wawili hawa wasingeweza kupishana mlango mmoja. Ilibidi nimtoe mama kwa mlango wa nyuma wa jiko, nimfunike kanga, tuizunguke nyumba kwenye matope mpaka mlango wa mbele. Tulipofika kizingitini nikapiga hodi, na mume wangu, tajiri wa kabichi, akainama kama mwizi akachomoka kupitia pazia.

Mama akaketi kwenye kochi la mume wangu, miguu haifiki chini. Nikaweka ileile ya jitu la kifua wazi. Akatazama wala hapepesi macho. Jitu liliporuka kutoka kwenye ghorofa akauliza kama lina mama. Lilipouma kisu kwa meno akasema halikulelewa. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia moshi, na moshi ulikuwa jikoni.

Ndipo sauti ya mume wangu ikaniita kutoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu anayeona haya: "Mama nanihii, maji yananidondokea mapajani. Mna kitu cha kukingia?"

Mama, macho yakiwa bado kwenye picha, aliniambia kwa upole, "Mwambie achukue bakuli la bluu, lipo nyuma ya mtungi. Aliweke magotini. Ndivyo ninavyofanya mimi."