Waya Kwenye Mlingoti wa Bendera

Nikialikwa kwenye mikutano ya walimu siku hizi, mada ni ileile: kompyuta, ubunifu, mtoto afikiri mwenyewe. Wananipa kiti cha mbele kwa sababu ya mvi, kisha wananiuliza mwalimu mstaafu ana maoni gani. Huwa nasema mashine zije, tena zimechelewa. Wakifika kwenye ubunifu nakuwa mkali, mpaka watu wanatazamana, bibi huyu kapatwa na nini. Jamani, mimi niliwahi kupata mtoto mbunifu darasani kwangu. Ngoja nieleze nilimfanya nini.

Nilimaliza chuo cha ualimu Iringa katika miaka ya sabini. Mimi ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga, mtu wa baridi na sweta. Barua iliposema napelekwa Usangu, karibu na Igawa, nililia pale Ipogolo nikingoja basi, wala sikuona haya. Usangu ni tambarare, joto, mbu, na vumbi la ng'ombe. Nilipewa darasa la sita. Siku ya kwanza tu mwalimu mkuu akaniambia bado niko kwenye majaribio: mkaguzi akija akaridhika, nathibitishwa kazini, asiporidhika, nifunge mizigo.

Wimbo wa wakati ule ulikuwa elimu ya kujitegemea. Wazo lilikuwa zuri, silikatai, lakini shuleni kwetu kujitegemea kulikuwa ni jembe basi. Watoto walilima mpunga wa shule alfajiri, wakaingia darasani na matope magotini kunakili ubaoni. Ukimwuliza mtoto swali ambalo jibu lake halijaandikwa, anatazama chini, anangoja uliandike.

Ndipo tukaletewa redio, ili watoto wasikilize vipindi vya shule kila Alhamisi. Mwalimu mkuu aliifunika kitambaa cha kufuma, akaifungia kabatini, na ufunguo akauvaa shingoni. Betri, ambazo kule waliziita mawe, tulizianika juani siku nzima ya Jumatano ili zipate nguvu. Alhamisi redio inatolewa, watoto arobaini na kitu wamefunga mikono, na kinachotoka ni mkwaruzo. Mkwaruzo mtupu, nusu saa! Niliposema tuizime tusome kitu kingine, mwalimu mkuu alikataa. Kipindi kiko kwenye ratiba, alisema, lazima kisikilizwe mpaka mwisho. Nasi tukasikiliza mkwaruzo wiki sita.

Katika darasa lile kulikuwa na binti wa Msukuma mmoja aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Baba yake alimruhusu kusoma kwa shingo upande. Aliniambia uso kwa uso, siku aliyomleta, kwamba posa imeshaletwa, na kwamba amewaambia wenye posa wangoje. "Lakini siku mkimrudisha nyumbani kwa kosa lolote, mwalimu, harudi tena huku." Mtoto mwenyewe alikuwapo, akasikia. Kwa hiyo alikuwa hachelewi, hapigi kelele, jembe lake la kwanza kufika shambani.

Ila maswali! Wiki ya saba akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona redio ya fundi magari pale barabarani inasema vizuri?"

Nikamwambia akaangalie. Sikuwaza sana, nilitaka tu anyamaze nimalize hesabu. Kesho yake akarudi na jibu: fundi ameunga waya kwenye antena na kuupeleka juu ya mti. Akarudi pia na kibunda cha waya mwembamba wa shaba, alioufungua mwenyewe kutoka kwenye dainamo iliyoungua ya lori. Tuliunga, redio ikaendelea kukoroma. Wenzake wakamcheka. Akaenda tena kwa fundi jioni, akamtazama kazini, akagundua kwamba waya ule umepakwa vanishi na lazima ncha zake zikwanguliwe kwanza. Akakwangua kwa wembe. Mimi, mwenye cheti cha ualimu, sikuwa nalijua hilo.

Ukabaki mti. Uwanja wetu haukuwa na mti wa maana, watu walikuwa wamekata yote kwa kuni. Kitu kirefu kuliko vyote pale shuleni kilikuwa mlingoti wa bendera. Akaniuliza kama anaweza kufunga waya kwenye kamba, chini kidogo ya bendera, ili asubuhi tukiimba wimbo wa taifa, bendera na waya vipandishwe pamoja. Nilicheka. Nikasema, "Haya, funga."

Alhamisi ile sauti ilitoka safi, mtu anazungumza kutoka Dar es Salaam kana kwamba yuko hapo mlangoni. Kipindi kilihusu maji na jinsi yanavyopandishwa mlimani. Watoto walipiga makofi, na kilipokwisha wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu mifereji ya mpunga ya wazazi wao. Hakuna aliyetazama ubao. Nilifurahi, nakwambia, nilifurahi mpaka nikasahau kupiga kengele.

Mkaguzi kutoka Mbeya alikuja Alhamisi ya tatu baada ya hapo, Landrova yake nyeupe kwa vumbi. Aliingia darasani kipindi kikiendelea, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndugu mwalimu, shule nyingi hazipati sauti hii." Halafu macho yake yakaufuata waya: ukatoka dirishani, ukavuka uwanja, ukapanda mlingoti. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo. Waya ulikuwa umeizungusha bendera, bendera imejikunja imekuwa kama kitambaa cha jikoni.

Uso wake ukabadilika. "Nani ameigeuza bendera ya taifa kuwa kamba ya kuanikia nguo?"

Siku hizi mtu anaweza kucheka. Wakati ule hakuna aliyecheka na bendera. Walimu walikuwa wameshahamishwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Mwalimu mkuu akanitazama mimi. Mtoto naye akasimama, tena anatabasamu maskini ya Mungu, akidhani atapongezwa. "Ni mimi, ndugu mkaguzi. Niliukwangua kwanza kwa wembe."

Mkaguzi akanigeukia. "Ulijua?"

Jalada langu la kuthibitishwa lilikuwa kwapani mwake, naliona. Nikasema, "Sikujua."

Yule mtoto alinitazama. Hakukasirika, alishangaa tu, kama mtu aliyekosea hesabu anayoijua. Kisha akamgeukia mkaguzi akasema polepole, "Mwalimu hakujua. Nilifanya peke yangu."

Mwalimu mkuu akamwambia akusanye madaftari, aende nyumbani, asirudi bila mzazi. Nami nikafuta ubao, ambao haukuwa umeandikwa kitu tangu asubuhi na haukuwa na haja yoyote ya kufutwa wakati ule. Jumatatu vijana wa darasa la saba walikata mianzi mitatu, wakaiunganisha, wakausimamisha waya nyuma ya choo. Kazi ya dakika kumi. Redio ikasema vilevile.

Mtoto hakurudi. Wiki mbili baadaye barua yangu ikafika: nimethibitishwa kazini, na pongezi kwa matumizi mazuri ya redio. Nililala nayo chini ya mto siku tatu, usingizi hauji. Jumamosi nikavaa viatu nikatembea saa mbili mpaka kwao.

Baba yake alinipokea kwa heshima zote. "Mwangaluka, mwalimu," akanisalimu kwa Kisukuma, akanipa kigoda, akaagiza maziwa ya mgando. Binti alikuwa anatwanga, alinisalimu shikamoo bila kuacha mchi. Nikamwambia mzee nimekuja kumwomba mtoto arudi, kosa lile limekwisha.

"Nimemchapa," akasema. "Sikumchapa kwa bendera, mimi bendera siijui sana. Nimemchapa kwa sababu alifanya jambo la shule bila kumwambia mwalimu wake. Mwenyewe amekiri."

Hata mbele ya baba yake, hata chini ya fimbo, alikuwa amenisitiri. Nikaweka kibuyu chini. "Mzee, aliniambia. Nilimruhusu mimi. Mkaguzi aliponiuliza nilisema uongo, niliogopa kufukuzwa kazi."

Kule kwenye kinu mchi ukasimama.

Mzee alichora chini kwa fimbo yake. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira, na ingekuwa ya hasira ningeshukuru. "Ulipokuja nilidhani umekuja kunidai mtoto, nikawa nataka kukubali," alisema. "Sasa niambie wewe, mwalimu. Nikimrudisha, utamfundisha nini?"

Nilikuwa na cheti, nilikuwa na barua ya kuthibitishwa kwenye mkoba, nilikuwa na redio inayosema vizuri kuliko zote wilayani. Nikasimama, nikamshukuru kwa maziwa, nikaondoka, na nilipofika kwenye mpunga nikausikia mchi umeanza tena kutwanga.