Rangi Nilizomupaka Tata

Kosa ni langu mi mwenyewe. Si la shetani, si la bibi yangu. Niliharibu kitu, na nilikiharibu kwa ufundi. Mutu asiye na kipaji hangeweza!

Munijue kwanza. Hapa Kolwezi, ukitafuta fundi wa rangi za maji, batakuleta kwangu. Masomo niliacha darasa la tatu, lakini nyumba yangu ni ya manjanja, si ya nyasi, na bale niliosoma nabo leo bananiita Patro, bosi wabo. Rangi nilizipenda tangu utoto. Benzangu banapiga mupira, mi naokota mawe ya kijani kule mugodi wa Mashamba na kuyalamba, ili kijani itoke muzuri. Sanduku langu la kwanza la rangi nilipewa na madamu mumoja wa kizungu aliyekuwa anarudi kwabo Poto, Ulaya. Nililifungua, nikasahau kula.

Kazi iliyonipa jina ni kupaka rangi foto za nyeusi na nyeupe. Unaniletea mutu wa mugodi mwenye vumbi, nakurudishia direkta wa kampuni! Mashavu mekundu kidogo, abakosti ya buluu, ile koti ya bakubwa, na ngozi naipunguza weusi, maana ndivyo batu banavyopenda. Nani alilalamika? Balinishukuru!

Sasa, mama yangu alikuwa na foto moja ya tata, baba yangu. Moja tu. Tata alikufia mugodini mi ningali mugongoni. Mama aliifunga ndani ya kipande cha kikwembe, chini ya nguo zake.

— Mama, leta nimutengeneze tata.

— Tata yako hajaharibika. Umuache.

Nimuache! Fundi muzima kama mi! Siku ya Mungu mama akaenda kanisa, nikaitoa, nikaipaka. Aah, kazi tamu! Aliporudi nikamuwekea mbele ya macho.

— Uyu ni nani?

— Ni tata, mama! Angalia abakosti!

— Bwana yangu alikuwa mweusi kama makala ya jiko. Uyu muzungu umemutoa wapi? Unirudishie bwana yangu.

Nikacheka. Rangi ya maji inatoka na maji, mutoto gani hajui? Nikachemsha maji, nikatia sabuni, nikasugua. Buluu ikatoka. Mashavu yakatoka. Nikasugua tena, bidii haikunipungukia! Pua ya tata ikatoka. Macho yakatoka. Nikabaki na karatasi nyeupe, safi sana.

— Si kitu, mama. Nitamuchora upya.

Nikashika burashi. Ndugu yangu, rangi yoyote nakuchanganyia macho yamefumba. Lakini uso wa tata sikuwa nao. Asubuhi ile nzima niliangalia foto, kumbe nilikuwa naangalia nguo ya kumuvalisha!

— Mama, nieleze. Pua yake ilikuwa namna gani?

Mama akafikiri. Akafumba macho. Akafikiri tena, mupaka mi nikaogopa.

— Miaka yote hii nilikuwa namuonea mule mu foto, akasema. Sasa simuoni.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alikunja kile kikwembe kitupu, akakirudisha chini ya nguo.

Basi nyinyi benye mikono ya dhahabu, mama akisema umuache, umuache. Na kama hamusikii, leteni foto ya mama yenu. Maji ya moto iko, sabuni iko, na fundi ni mi.