Mwalimu Clementi na Swali la Kitambaa cha Altare

Mume wangu, Mwalimu Clementi, hajui kusema uongo. Miaka thelathini ya ndoa nimemchunguza vya kutosha. Ndiyo maana mwaka tisini na saba, watu wa televisheni walipotuma ujumbe hapa Kibara kwamba wanamtaka Musoma wamhoji juu ya kitabu chake, niliyekosa raha ni mimi.

Kitabu chenyewe kilihusu ile miaka ya themanini, dukani hakuna sabuni wala nguo. Ndani yake kuna mtu aliyefiwa na mkewe, akakosa sanda, akachukua kitambaa cha altare akamzika nacho. Jina alilibadili, lakini mtu mwenyewe ni jirani yetu Bernado, mtunza vyombo wa kanisa. Parokia nzima ilikuwaga inawalaumu wezi. Tuliojua ni watatu tu.

Bernado alikuja jioni, kofia mkononi.

"Mwalimu, wakikuuliza ni nani?"

"Sitakutaja."

"Uso wako utanitaja."

Basi nikamfundisha mume wangu kujibu, nimeshika mwiko kama maikrofoni. Swali gumu lisifu kwanza, upate muda. Likirudi, muulize mwulizaji mwaka ule alikuwa na umri gani. Likirudi tena, futa miwani, ueleze jinsi sangara walivyomaliza furu, wale samaki wadogo, ziwani. Alikariri kama mtoto wa darasa la saba.

Alipotoka kuhojiwa alikataa kabisa kuniambia alijibu nini. Siku ya kipindi akabaki nyumbani, eti kichwa kinauma. Mimi na Bernado tukapanda basi mpaka Musoma, kwenye baa ya Alfonce pale Iringo, yenye dishi. Nusu ya parokia ilikuwa imeshatangulia.

Mtangazaji alikuwa binti mpole. "Huyu aliyemzika mkewe kwa kitambaa cha altare, ni nani?"

Mwalimu akalisifu swali. Binti akarudia. Mwalimu akamuuliza mwaka ule alikuwa na umri gani, watu wakacheka. Akafuta miwani, akamwaga sangara wote. Binti hakubisha. Alinyamaza tu, anamtazama. Jamani, kunyamaziwa sikumfundisha.

"Ni mimi," akasema.

Baa nzima ikageuka kunitazama, mimi mke niliyezikwa, soda mkononi. Nilimpenda yule mjinga kuliko siku ya harusi yetu.

Bernado akasimama. "Mwalimu ananificha. Nilikichukua mimi. Nilimzika nacho Wankyo."

Tangu mazishi sikuwahi kumsikia akilitaja jina la mkewe mbele ya watu. Halafu Jeska, mama wa kwaya aliyekidarizi kile kitambaa kwa mkono wake, akamsogelea taratibu.

"Wankyo alikuwaga mrefu," alisema. "Kilimtosha?"

"Hakikutosha, dada. Miguu niliifunika kwa koti langu."