Dada Yangu Kwenye Mizani ya Mahindi

"Watu wanene hawaji kliniki kwa sababu ni wavivu." Afisa mmoja wa afya alitamka hayo redioni leo asubuhi.

Uongo!

Leo hii nimempeleka dada yangu Nafula kliniki ya serikali hapa Bungoma, karibu na chuo kikuu. Miguu imevimba, pumzi inamkatika, lakini alitembea mwenyewe.

Akapanda mizani. Mizani ikafika mwisho, kilo zake zisijulikane.

Nesi akasema kwa upole, "Mama, bila kilo daktari hawezi kukupangia dawa. Hebu nendeni stoo ya mahindi hapo ng'ambo, mpimwe, mrudi."

Tukaenda. Tungefanya nini?

Nafula akapanda mizani ya magunia. Mpakiaji mmoja akapaza sauti, kama anayekagua gunia la mahindi, "Huyu amekauka kweli, ama bado ako na unyevu?"

Wanafunzi waliokuwa wakipita wakacheka. Nafula naye akacheka, kuwashinda wote.

Kisha akashuka, akafunga leso vizuri. "Nipeleke nyumbani, ndugu yangu. Nimeshapimwa."

Kilo tunazo. Dawa hatuna, maana amekataa kurudi.

Wewe afisa wa redioni, nunua mizani inayomtosha Nafula. Halafu uje kwake, umwombe wewe mwenyewe arudi kliniki.