Nilivyoiba sala ya chapleni nikaongoza nayo ibada Malindi

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, wa rika langu mambo. Haya yamenikuta Jumapili iliyopita, sijaongeza chumvi hata punje. Nimetumwa Lushoto mjini kununua mbegu za kabichi, nikachepukia intaneti kafe, kwa hiyo naandika mbio mbio.

Nipo kidato cha tatu, shule ya bweni ya kanisa huku juu ya Soni. Shule inasema inamjenga mtu mzima: akili, roho na mikono. Yaani asubuhi hesabu, jioni kumwagilia bustani, Jumapili unaweza kutumwa mtaa wowote wa kanisa ukahubiri.

Mikono kweli imejengeka. Hesabu bado.

Sasa mimi kipaji changu ni kuigiza watu. Chapleni wetu, yaani mchungaji wa shule, namtoa mpaka kikohozi. Siku moja wiki hiyo namwigiza bwenini, wenzangu wanagaragara kwa kicheko, ghafla wote kimya. Nikajua yuko nyuma yangu.

Hakunichapa. "Mwinjilisti wa mtaa mmoja kule Malindi anaumwa. Jumapili unaongoza ibada wewe. Ukileta mzaha, Jumatatu unakwenda kumleta baba yako." Malindi hii yetu ya Lushoto, si ile ya pwani.

Wakuu, baba yangu ni kibarua wa kuchuma chai. Alishaniambia, siku akiitwa shule kwa utundu wangu, kesho yake nami nachuma chai. Na yule mzee hatanii.

Kwa hiyo nikaamua kucheza salama: nikakariri sala ya chapleni ya kila Jumapili, yote, neno kwa neno. Copy and paste.

Jumapili kanisa limejaa. Nikaanza, sauti nzito, watu wamefumba macho. Nikanogewa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Tunakushukuru, Bwana, kwa mke wangu mpendwa na watoto wanne uliotujalia."

Bibi mmoja benchi la mbele akafumbua jicho. "We mjukuu wangu, hao wanne umewazaa lini?"

Kanisa likaangua kicheko. Hata mzee wa kanisa mabega yanamtikisika. Mimi naliona shamba la chai hilo.

Nikasema kweli. "Nisameheni. Hii sala ni ya chapleni. Ya kwangu sina."

Bibi hakunihurumia. "Basi tengeneza. Viazi vyetu vinakauka, mwinjilisti wetu yuko kitandani. Anzia hapo."

Nikaomba sentensi chache, kwa sauti yangu hii inayokwaruza. Viazi. Mwinjilisti. La baba asiitwe shule nikalisemea moyoni. Wakaitikia amina, na safari hii hakuna aliyecheka.

Jumatatu chapleni akaniita. Mzee wa kanisa alishampa habari zote, hadi za watoto wanne.

"Baba nimlete lini, mchungaji?"

"Mwache baba yako na kazi yake. Wamekuomba tena Jumapili ijayo."

Nilichojifunza: kuigiza kiongozi ni rahisi, mpaka watu wakueleze shida zao wenyewe.

Ila najiuliza, chapleni alijua nitaiba sala yake? Mliopita shule za kanisa, uongozi mlifundishwa darasani au mlitupwa hivi hivi? Nijibuni haraka, Jumapili ni keshokutwa.