Drafti ya Kwenye Soketi

Mwaka 1994, Mwinjuma, fundi cherehani wa Temeke, alinuniana na mpangaji mwenzake Theonest, kisa ndoo ya maji. Watu wazima na ndevu zao! Drafti tu ndiyo iliwashinda kuacha. Kila mtu alijifungia chumbani na ubao wake, wakitajiana kete kwa redio za mkononi za kuongelea, kama za walinzi, maana kwao kusema redioni siyo kuongea. Mlinzi wa hoteli fulani akaingilia hewani, akawa anamfundisha Theonest. Mwinjuma akafura! Akanunua simu mbili za kuchomeka kwenye soketi, sauti ipite ndani ya nyaya za umeme. Mlinzi kwisha habari yake.

Siku Mwinjuma anakaribia kushinda, umeme ukakatika. Akagonga ukuta.

"Theo! Nimekula tatu!"

Theonest akajibu kutoka upande wa pili, "Mie siongei na wewe. Subiri umeme urudi!"