Gati la Sebuleni

Tulisikia muziki kwanza. Ulitoka ziwani, nyuma ya rasi, besi yake ikigonga vilima na kurudi hata usijue unatokea upande upi. Mama mkubwa alikuwa amekaa barazani nyuma ya nyumba akichagua mchele. Aliinua kichwa, akasikiliza, akaendelea kuchagua.

"Harusi gani hiyo ya Jumanne?" aliuliza.

Kisha boti ikatokeza. Nyeupe, inang'aa, kama sinki la hoteli lililotoroka ukutani likaingia majini. Mbele yake alisimama mjomba, kaptura ya kaki, miwani myeusi, mkono mmoja juu akitupungia kama anayegombea ubunge.

Mjomba ni mdogo wake mama mkubwa, kitinda mimba wa bibi yangu. Aliondoka Ujiji kijana, akapata kazi Dar es Salaam, akapanda vyeo, akastaafu. Wengine hustaafu na presha na shamba la mihogo. Yeye alistaafu na boti. Ilikuja na lori mpaka Kigoma, imefungwa nailoni kama godoro jipya. Haikuwa boti ya kuvua wala ya kubeba abiria. "Hii ni ya starehe, mpwa wangu," aliniambia, akilivuta neno starehe kama mtu anayenyonya embe. Kitu kimoja tu hakuwa nacho: mahali pa kuiweka wakati anaifungia viti, taa, friji na turubai. Na mahali hapo, baada ya kuzunguka kote, alipapata ndani ya nyumba ya dada yake. Nikilikumbuka jambo hilo mpaka leo mate yananijaa mdomoni, na si mate ya njaa.

Nyumba ilijengwa na babu, chini kabisa ya mtaa, uso wake ziwani. Mimi nimelelewa humo. Mama yangu alipofariki, mama mkubwa alinichukua hata kabla matanga hayajaisha. Siku hizo kati ya sebule na maji palikuwa na vichanja vya dagaa, mpera, choo, na nafasi ya watoto kukimbizana. Miaka hii ya karibuni ziwa lilipanda. Lilichukua vichanja. Likachukua mpera, ukabaki umesimama majini na mapera yake mpaka ukachoka. Likachukua choo. Masika moja likapanda ngazi, likapita chini ya mlango, likaingia sebuleni na kukaa. Majirani wengi walihama kwenda juu, Kasingirima na kwingineko. Mama mkubwa alihamisha vitu vyake kwenye vyumba viwili vya nyuma, vilivyoinuka kidogo, akabaki.

Sebuleni maji yalifika magotini. Lakini kila jioni alishuka humo, khanga ameikunja kwa mkono mmoja, akapita katikati ya maji mpaka mlango wa mbele, akaufunga kwa ufunguo. Asubuhi anaufungua. Niliwahi kumuuliza anamfungia nani.

"Nyumba hufungwa," alisema. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu hunawa.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema kwa sababu halikuhitaji kusemwa. Bibi aliposhushwa kitandani mara ya mwisho, alioshewa sebuleni mle. Mama mkubwa ndiye aliyemwosha, na wanawake wawili wa mtaa. Mjomba alifika jioni, kaburi limeshafukiwa.

Lakini mjomba hakuanzia kwetu. Alianzia Kibirizi, nami nikiwa naye, kwa kuwa alishasahau watu na watu walishamsahau. Tulifika jua likizama. Zilikuwa siku za giza, mwezi hauonekani, maboti yote ya dagaa yalikuwa yameshatoka na taa zao kwenda kuvua. Ufukwe mtupu. Mjomba alifungua mikono.

"Ona nafasi! Halafu watu wanalia hakuna pa kuegesha."

"Watarudi asubuhi, mjomba."

"Watajipanga."

Asubuhi walijipanga kweli. Maboti yalikuwa bega kwa bega kutoka mwisho hadi mwisho, na lile sinki lake jeupe limebanwa katikati. Mtu alikuwa ameanika wavu mbichi juu ya viti vya rangi ya maziwa. Magamba yameganda kwenye usukani. Pembeni ya boti, kitako kikiwa kimekaa vizuri kabisa, mwanamke mnene alikuwa anachambua dagaa kwenye beseni.

"Mama, shuka hapo," mjomba alisema. "Hii ni boti ya mtu."

"Kwani hizi nyingine ni za majini?"

Kicheko kilitoka boti hadi boti. Mtu akaita kutoka mbali, "Mwache mzee, yuko fungate na boti yake!" Mjomba hakucheka. Alitoa leso mfukoni, akaziba pua, kisha akaitumia leso hiyohiyo kufuta viti, kimoja baada ya kingine, taratibu, kwa upole ambao sikuwahi kuuona mikononi mwake.

"Harufu gani hii?" alininong'oneza. "Watu wanaishije?"

Nilitaka kumwambia kwamba sare yake ya shule ilinunuliwa na harufu hii. Kwamba bibi alinuka hivi, mama yangu alinuka hivi, na dada yake mpaka leo akikukumbatia unabaki na dagaa shingoni mpaka jioni. Nilimtazama tu anavyofuta.

Mjini, kwenye ghuba, mlinzi wa hoteli moja alituonyesha lilipokuwa gati lao: ncha za vyuma vinne vimechomoza majini na ndege amekaa juu ya kimoja. Bandarini walimsikiliza kwa heshima nyingi, wakamsindikiza nje kwa heshima hiyohiyo. Ndipo Jumanne ile akaja Ujiji na muziki wake.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, akasalimia, "Shikamoo dada," akaitikiwa. Akasimama juu ya kizingiti kinachotazama sebuleni. Mwanga wa ziwa ulikuwa unacheza darini, kama kawaida yake mchana. Aliangalia maji. Akaangalia upana wa ukuta. Nilimwona anavyopima kwa macho, midomo ikisogea.

"Dada, unaona? Maji yameshafanya nusu ya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kuchimba! Tunatoa huu ukuta wa mbele, boti inaingia mpaka ndani. Kivuli bure, ulinzi bure. Naifungia kila kitu hapahapa. Mashine huko, mafuta kule kwenye kona."

"Na mimi?"

"Wewe si uko nyuma? Hutaguswa." Halafu akacheka kidogo, kama mtu anayetoa peremende. "Na tukienda kwa mirathi, dada, mimi nina mafungu mawili na wewe moja. Hilo moja lako ni hivyo vyumba. Mimi sitaki hata cha nyongeza."

Mama mkubwa akaenda kumtengea chai. Mjomba alikunywa vikombe viwili, akala maandazi, huku macho yake yanaendelea kupima. Na mimi nilichukizwa na chai ile, na sukari yake, na mvuke wake, na mkono wa mama mkubwa uliokuwa unamsogezea sahani. Nilichukizwa na adabu yetu sote.

Fundi alikuja wiki ileile na nyundo kubwa. Alikuwa mtu wa Mwamgongo, mpole, alisimama majini akimtazama mama mkubwa badala ya ukuta.

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Najua, baba. Vunja. Ila mlango uache."

Mjomba alikuwa ndani ya boti, akasikia. "Mlango wa nini pasipo ukuta?"

"Uache," mama mkubwa alimwambia fundi, si mjomba.

Fundi akauacha. Upande wote wa kushoto wa ukuta ule ukaanguka majini vipande vipande, na upande wa kulia ukabaki mlango, fremu yake, na kipande cha tofali kwa kila upande kuushikilia. Boti ikaingia pua mbele, ikajaa sebule kama ng'ombe aliyeingizwa jikoni. Jioni ile mama mkubwa akakunja khanga yake, akazunguka pua ya boti akijibanza kwenye ukuta uliobaki, akaufunga mlango. Pembeni yake ziwa zima lilikuwa wazi. Nilitazama mahali pengine.

Kisha ikaanza kazi ya kuivalisha. Gundi ya faiba ilikuwa na harufu inayouma macho; iliingia kwenye mchele, kwenye maji ya mtungi, kwenye mswala. Msasa ulitoa vumbi jeupe likatua juu ya vyombo, na kila nilipokwenda kumtembelea mama mkubwa kutoka Buzebazeba, ninakopanga chumba, nilimkuta anaosha sufuria ambayo alishaiosha. Petroli ilikuwa inadondoka na kutandaza utando wa rangi juu ya maji, bluu, zambarau, mzuri kwa namna ya kutia kinyaa, ukiramba ngazi yake ya juu. Alikohoa. Mjomba alilala hotelini, asubuhi anakuja akinukia sabuni, na kitu kipya kwenye kisanduku: spika, taa za kijani za kuwaka chini ya maji, zulia la majani ya plastiki. Alilitandika mwenyewe, amepiga magoti. Akanyoosha kila unyasi wa uongo.

"Mpwa wangu, wewe si mwandishi? Iandike hii."

Basi naiandika.

Nilimwomba mama mkubwa ahamie kwangu. Chumba ni kimoja lakini kuna dirisha, nilimwambia. Alikataa. Nilimwambia aongee na wazee wa mtaa. Akasema, "Yule ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni humu humu ndani." Sikujua kama hilo ni jibu la ndiyo au la hapana. Nilimkasirikia. Kwa siku kadhaa nilijiambia kwamba kati ya anayekanyaga na anayejilaza ili akanyagwe, sijui nani ananichefua zaidi. Nilikuwa sijaelewa kwamba hakuwa amejilaza. Alikuwa anamngoja. Alikuwa anampa mdogo wake nafasi ya kukumbuka.

Siku ya mwisho nilikuwepo. Mjomba alikuwa amemaliza. Kesho yake alitarajia wageni wake kutoka Dar. Alikuja kumwomba dada yake akaange samaki, migebuka ya kutosha. Alikuwa ametengewa chai tayari. Huku anakunywa alituonyesha kitu cha mwisho alichofunga, kwenye kibanda kidogo nyuma ya usukani. Choo. Cheupe, kina mfuniko, na cha kubonyeza. Alikibonyeza mara mbili ili tusikie maji, kisha akarudi kizingitini tulipokuwa.

Mama mkubwa aliinama, akaangalia chini ya boti. Bomba jeusi lilikuwa limetoka ubavuni.

"Hili linamwaga wapi?"

"Majini, dada. Ziwa ni kubwa."

"Hapo chini si ziwa. Hapo ni sakafu."

"Ndiyo, lakini..."

"Unajua mama alioshewa wapi?"

Mjomba aliweka kikombe chini. "Mimi siku hiyo nilikuwa njiani."

"Hapo." Alinyoosha kidole kwenye maji, katikati, chini ya boti. "Kichwa huku. Miguu huku. Mimi nilishika kichwa."

Nasema kweli, nilidhani ataitoa boti. Alitazama maji, na kwa muda mfupi uso wake ulilegea, ukawa uso wa mtoto wa nyumba ile. Nilikuwa karibu kumsamehe. Kisha akatazama saa.

"Dada, hayo yalishapita. Sasa hivi ni maji tu."

Mama mkubwa alitikisa kichwa, kama mtu aliyeuliza swali na kulipata jibu lake.

"Umemaliza chai?"

"Nimemaliza, asante."

"Basi twende nikusindikize."

Mjomba alicheka. Hakuna anayesindikiza mwenye nyumba. Anayesindikizwa ni mgeni, na yeye alijua hilo tangu akiwa mtoto. Lakini mama mkubwa alikuwa ameshakunja khanga. Aliingia majini, akazunguka pua ya boti, akaufungua mlango wa mbele, akasimama pembeni ameushika, mkono mwingine ameunyoosha kwa heshima kuelekea nje.

"Dada, acha utani. Mimi si mgeni."

"Mwenyeji hanyi sebuleni."

Sijawahi kumsikia akitamka neno lile, kabla wala baada. Alilisema bila kupaza sauti. Kicheko cha mjomba kilikatika. Akanitazama mimi, labda nimsaidie. Mimi nilikuwa nimeshaingia majini. Nilifungua kamba iliyofungwa kwenye nondo za dirisha, nikaweka viganja kwenye ule ubavu laini wa boti, nikasukuma. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Ilitoka pale palipokuwa ukuta, bila kelele, na zulia lake, na choo chake. Nilimtupia kamba, akaidaka kwa sababu ni boti yake na ilikuwa inaondoka.

Akapita mlangoni. Alipaswa kupita, hakujua namna nyingine ya kuondoka mbele ya dada yake aliyemshikia mlango. Alishuka ngazi zilizozama, viatu vyeupe vya turubai vikijaa, maji yakamfika mapajani.

"Haya," mama mkubwa alisema, "tunashukuru kwa kututembelea. Wasalimie huko."

Alisimama nje na kamba mkononi. Kushoto kwake ukuta haukuwepo. Pengo lilikuwa wazi, pana, angeweza kurudi ndani kwa hatua chache na hakuna ambaye angemzuia; ndani tulikuwa mwanamke mzee na mtoto aliyemlea tu, tumelowa. Alilitazama pengo. Akamtazama dada yake. Kisha akaona kwamba matope ya viganja vyangu yamebaki kwenye ubavu wa boti, akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso, akaanza kufuta.

Mama mkubwa akaufunga mlango. Akazungusha ufunguo mpaka mwisho.